Mabuti Bado Yapo Kazini

Chumba cha Kupigia Chapa,
Uchochoro wa nyuma, mkabala na fundi cherehani.

Jumamosi, 14 Juni.
Asubuhi mawingu mepesi na upepo wa kutosha kukausha wino. Jua limetoka tulipokuwa tumeshafungua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Vipi hali yako, na vipi lile goti la kulia, limeacha ubishi au bado linakugomea kwenye ngazi? Baba anasema ukipanda tangulia na mguu mzima, ukishuka tangulia na ule mbovu. Aliyapata mafunzo hayo kwa nesi mwaka jana alipoteguka, na tangu hapo anamfundisha kila mtu, hata wenye magoti yao mawili salama. Natumaini pia binamu zangu wazima, na yule mdogo ameshazoea kazi yake mpya.

Sisi huku wote hatujambo. Mama amerudi juzi kutoka kwa dada, ambaye kama ulivyosikia amejifungua mtoto wa kike. Mtoto ana afya, ana nywele, na ana sauti. Mama anasema mtoto yule hahitaji kuandikishwa shule, anahitajika moja kwa moja kwenye mikutano ya hadhara. Weka akilini kwamba Mama hakuwapo nyumbani wakati wa mambo ninayotaka kukusimulia. Angekuwapo, nisingekuwa na cha kusimulia.

Nimepata ujumbe wako kuhusu Mabuti. Bwana Skrini, mdogo wangu, alinieleza kwamba alipokuambia kwenye simu kuwa yanauzwa, ulinyamaza mpaka akadhani mtandao umekatika. Halafu ukasema kama yanauzwa basi yauzwe, wewe huwezi kupanga mambo ya chumba usichokaa, ila uwekewe herufi moja tu, ile A yenye kidonda mguuni. Kijana akarudi kwangu amenywea kama mtu aliyemwaga maziwa ya jirani.

Shangazi, kaa chini, tia chai, unisikilize kwa mpangilio. Habari hii ukiipata vipande vipande utasema tumerukwa na akili. Shajara yangu iko hapa mkononi ili nisitangulize mkia.

Wewe ndiye uliyeyapa Mabuti jina lao, lakini huenda binamu zangu wakaisoma barua hii wakajiuliza ni viatu gani hivyo vinavyotutoa machozi. Waambie ni zile herufi za mbao za Babu, za kuchapia mabango. Herufi nyingine zina mahali pembamba na mahali panene, zinatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayechelewa kurudi nyumbani. Hizi ni nene kuanzia utosini hadi chini, na kila moja imesimama juu ya nyayo pana, bapa, zenye kona kama za tofali. Zipange mstari mmoja, utadhani walinzi walioshiba. Ndiyo maana wewe, ukiwa mdogo wa kufika mezani kwa shida, ulisema herufi hizi zimevaa mabuti.

Na kazi zao waambie pia. Mechi ya mpira, mnada, maji yatakatwa kesho, ng'ombe amepotea, HATARI USIGUSE. Mambo ambayo mtu anatakiwa ayasome akiwa upande wa pili wa barabara, amebeba mzigo kichwani, na hana nia ya kusimama. Baba husema Mabuti hayajui kunong'ona, kwa hiyo usiyape siri wala usiyape maneno mengi. Maneno matatu yanatosha, la nne ni kelele. Kuna bwana harusi mmoja alikuja akitaka kadi zake zichapwe kwa Mabuti, kwa sababu aliyaona kwenye bango la mpira akayapenda. Baba akamchapia kadi moja ya mfano bila kubishana naye. Yule bwana akaisoma, akaiinamisha, akasema taratibu kwamba inafanana na onyo kwenye nguzo ya umeme. Akachukua herufi nyembamba, na ndoa mpaka leo ipo.

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Lile jengo letu la zamani pale barabarani, lenye dirisha la kioo ambapo Babu alikuwa akibandika kila bango jipya, mwenye jengo amelivunja ili ajenge ghorofa. Tumehamia uchochoro wa nyuma, kwenye chumba kirefu na chembamba kama soksi. Tumeingiza mashine, meza ya karatasi, meza ya Bwana Skrini na kompyuta yake, na kabati la Mabuti. Kutoka mlangoni kwenda kwenye mashine ni lazima upite ubavu ubavu. Baba anapita vizuri, Bwana Skrini anapita bila hata kuvuta pumzi. Mimi napita kwa maombi, na usinicheke, maana umbo hili nimelirithi kwako.

Kwa hiyo usimlaumu sana mdogo wangu aliposema kabati liondoke. Ni kweli kwamba tangu tuhamie hakuna aliyeagiza bango. Kadi zilikuja, risiti zilikuja, lakini hizo ni kazi za kompyuta yake. Mabuti yalikaa kwenye droo zake, na sisi tukawa tunagonga viuno kwenye kabati. Wakati huohuo akajitokeza mpambaji mmoja wa mikahawa, mtu mpole mwenye soksi za rangi mbili. Alitaka kuyanunua yote ayagandishe ukutani, wateja wake wayatazame wanapokunywa kahawa.

Jioni ile tulipokuwa tunafunga, Baba akasema, na nilimsikia vizuri kwa sababu alikuwa amenipa mgongo:

"Tungoje mwisho wa mwezi. Asipotokea mtu wa kutaka bango, yaende. Herufi isiyosomwa ni kuni."

Akafuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

Mimi nikaona tatizo si Mabuti. Tatizo ni kwamba watu hawajui tulikohamia. Uchochoro wetu hauna kitu cha kumvuta mtu, ukipita unaona milango tu na ndoo. Nikamwambia Baba tuweke kibao, na Bwana Skrini akasema kweli, kibao kikubwa, tena cha Mabuti, ili mtu akikiona tu ajue ni sisi wa lile dirisha. Baba akachangamka mara moja. Kumbe alikuwa anasubiri mtu mwingine aseme.

Maneno yakawa PIGA CHAPA HAPA. Matatu, kama kawaida yake. Baba aliyapanga mwenyewe kwa herufi zenyewe, akaziba mapengo kwa vipande vya mbao, akaufunga mstari wote kwa kamba kama vile unakwenda kwenye mashine. Nikaubeba kwenye sinia mpaka kwa seremala wa kona ya pili, yule mwenye penseli sikioni na nyingine mdomoni. Agizo la Baba lilikuwa achonge vivyo hivyo kwenye ubao mmoja mrefu, akuze kila herufi ifikie urefu wa mkono kutoka kiwiko, herufi ziinuke juu ya ubao, na asiongeze wala asipunguze kitu.

Seremala aliutazama ule mstari muda mrefu. Akazunguka upande wa pili wa meza akautazama tena. Akaniuliza, "Kama ilivyo?" Nikamwambia kama ilivyo. Akaguna, akachukua penseli ya mdomoni.

Kazi aliyoifanya, Shangazi, ungelia. Nyayo za zile herufi zilikuwa na kona kali unazoweza kukatia uzi. Nilikwenda naye Baba kukiangalia kibao kikiwa kimelala kwenye meza yake, tukakipitishia kiganja, tukasifu. Tukakipaka mafuta meusi, kikapigiliwa juu ya mlango. Baba akarudi nyuma hadi ukuta wa pili akakiangalia kwa jicho moja. Akasema nafasi kati ya G na A ingeweza kupunguzwa kidogo, lakini imekaa. Bwana Skrini akakipiga picha. Mimi nikakisoma kwa sauti, piga chapa hapa, bila kujikwaa. Kwenye shajara niliandika hivi siku ile: Kibao kimepanda. Kinasomeka vizuri sana.

Watu wakaanza kukitazama. Huyu anapita anainua uso, yule anainamisha kichwa begani, mwingine anatabasamu na kumgusa mwenzake. Sisi ndani tunapeana macho. Baba alivaa koti lake la kazi lenye vifungo vyote. Alisema mtaa huu, japo wa nyuma, una watu wanaojua kitu kizuri.

Lakini hakuna aliyeingia. Juma likaisha, na la pili likaanza kuisha. Mpambaji akapiga simu kwa adabu kuuliza kama tumeamua, Baba akamwambia aje siku ya mwisho wa mwezi. Kesho yake nilimkuta Baba amefungua kabati, anatoa herufi moja moja, anaifuta, anaifunga kwenye gazeti kuukuu, anaitia kwenye boksi. Hakuniomba nimsaidie. Nikakaa upande wa pili nikajifanya nahesabu bahasha. Alipofika kwenye A yako aliishika kidogo, akaiweka kando peke yake kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameshaambiwa ombi lako.

Aliyetuokoa ni fundi cherehani wa mkabala. Huyu ni mama wa utani mwingi, mtaani wanamwita Pindo, na tangu tuhamie amenigeuza wifi yake bila kuniuliza. Cherehani yake imekaa ndani ikitazama kioo kirefu cha wateja, kwa hiyo yeye huwa amewapa mgongo wapita njia na kuwaona wote kiooni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikisoma kibao chetu kila siku, kiooni, na kwake kilikuwa sawasawa kabisa. Siku hiyo alitoka nje kumpimia mteja suruali kwenye mwanga, akainua kichwa, na futi ikamdondoka.

Akaja kuniita. Alisema tu, wifi, hebu njoo kwangu mara moja, usilete mkasi. Akanisimamisha mbele ya kioo akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia naona mlango wetu na kibao chetu, piga chapa hapa. Akasema vizuri, sasa geuka, utazame chenyewe. Nikageuka, nikatazama, nikamwambia naona mlango wetu na kibao chetu, piga chapa hapa. Shangazi, sikuona tofauti yoyote! Pindo akanitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akachuchumaa kizingitini, akachora P moja kubwa.

"Wifi yangu, hii ulifundishwa shule. Tumbo lake linaangalia wapi?"

Nikamwambia linaangalia kule kwenye ndoo.

"Na tumbo la ile ya kwenu?"

Ndipo nikaona. Kwanza nikaiona P, halafu C, halafu G, halafu nikaona kwamba hata mstari wenyewe unaanzia mwisho. Kibao kizima kilikuwa kimegeuzwa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja wa Pindo, na mwenye suruali ya kupimwa akaniletea maji.

Umeshaelewa, maana na wewe ni mtoto wa nyumba hii. Herufi ya kuchapia hukatwa ikiwa imegeuka ili kwenye karatasi itoke sawa. Sisi tumezaliwa tukizisoma hivyo. Baba amezisoma hivyo tangu kabla ya kuota ndevu, mimi nilijifunza kuzisoma hivyo kabla ya darasa la kwanza, na Bwana Skrini kila siku anageuza picha zake ili azihamishie kwenye fulana. Kwetu sisi upande ni upande. Tulimpa seremala mstari uliogeuka, naye, mtu mwaminifu, akauchonga uliogeuka. Katika nyumba yote, anayesoma kama watu wengine ni Mama peke yake, na Mama alikuwa anambembeleza mjukuu.

Nilikwenda kwa seremala nikiwa nimeshikilia hasira, lakini ikaniponyoka njiani. Akaniambia nilikuuliza, kama ilivyo? Ukasema kama ilivyo. Mimi nikajisemea hawa ni watu wa herufi, huenda ndiyo mtindo wa sasa. Hata kasoro nimezinakili, akasema, na alisema kwa fahari.

Kumwambia Baba ndiko kulikuwa na kazi. Nilimpa kiti kwanza. Akatoka nje, akakitazama kibao kwa muda, midomo ikicheza. Sikujua kama yuko karibu na kulia au vipi. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Pindo kule kwake akaanza upya, na yule wa suruali pia. Baba aliniambia baadaye kwamba jambo lililomchekesha ni kujikumbuka alivyokuwa akivaa koti na vifungo vyote kwa ajili ya watu waliokuwa wanamcheka.

Kicheko kilipoisha, shida ilibaki palepale. Mwezi ulikuwa ukingoni na kibao kilikuwa hakisomeki. Tukakiteremsha tukakilaza uchochoroni, seremala akaja na patasi yake akitaka kuzipasua herufi zote na kuanza upya. Bwana Skrini akasema tusipoteze ubao, achape kibao cha plastiki jioni hiyohiyo. Baba alikuwa amepiga magoti anapitisha kiganja juu ya zile herufi, kutoka mwisho hadi mwanzo, kama tulivyofanya kwa seremala. Akasimamisha mkono.

"Leteni wino," akasema. "Ule mweusi, kopo zima."

Nilielewa kabla hajamaliza, na nadhani na wewe umeelewa. Kibao kimegeuka, herufi zimeinuka juu ya ubao. Hicho si kibao, ni chapa, kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia nyumba hii. Pindo akakimbia kwake akarudi na jora la marekani nyeupe, akakata kipande kirefu kuliko ubao. Bwana Skrini akashika rola ya wino na kuipitisha mara mbili mbili, maana Baba alikuwa amemsimamia kichwani. Tukatandaza kitambaa polepole, kila mmoja kona yake.

Mashine ya kukandamiza kitu kile hatuna, wala sidhani ipo. Baba akavua viatu. Akatuambia tuvue wote. Akasema Babu alikuwa akikusimamisha wewe juu ya ubao anapotaka kuona mfano wa haraka, kwa sababu ulikuwa na uzito uliomtosha na ulikuwa hutulii popote pengine. Basi tukapanda juu ya kitambaa, Baba mbele, mimi nyuma yake, Bwana Skrini, seremala, na Pindo nyuma kabisa akitupigia mluzi wa gwaride. Tukatembea juu ya herufi kwa nyayo za soksi, kwenda na kurudi, tumeshikana mabega kama watoto wa chekechea. Pindo akasema leo mara ya kwanza ameona mabuti yanakanyagwa na soksi. Soksi yangu ya kushoto haitafaa tena.

Tulipokiinua kitambaa, PIGA CHAPA HAPA ilikuwa imelala pale, nyeusi, nene, imesimama kwenye nyayo zake, na matumbo yote yakiangalia upande unaotakiwa. Mwenye suruali, ambaye mpaka hapo alikuwa ameisahau suruali yenyewe, ndiye aliyeisoma kwa sauti. Baba alimtaka arudie.

Kitambaa tulikitundika asubuhi yake kwenye mdomo wa uchochoro, kinakoonekana na wanaopita barabara kubwa. Kibao tukakirudisha palepale juu ya mlango kama kilivyo. Bwana Skrini alitaka kukificha, Baba akakataa. Alisema anayetaka kujua kama sisi ni wapiga chapa kweli, ushahidi huo hapo juu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, yule mama mrefu aliyekuwa akichapisha mabango ya michezo kwetu kila mwaka. Aliingia akiwa amekasirika na anacheka pamoja. Alikuwa amepita uchochoro huu mara mbili akitutafuta. Mara zote mbili aliona kibao akadhani ni ofisi ya watu wa lugha asiyoijua, akaona haya kuuliza. Alitaka mabango ya siku ya michezo, makubwa, na akasema asisikie habari za herufi nyembamba. Baba alimwambia asubiri, akaenda kwenye maboksi, akaanza kufungua magazeti. Alipofika kwenye mstari wa pili ikampungukia A. Akajipapasa, akaitoa mfukoni mwa shati, akaiweka mahali pake.

Baada ya mwalimu alikuja mwenye timu ya mtaa, halafu mwenye mnada wa samani. Watu wengine walikuja kukiona kibao tu, na wawili kati yao walitoka na oda wasiyoikusudia.

Mpambaji alifika siku ya mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, na soksi zake. Baba alimkaribisha kiti, akampa chai, akamwambia samahani, Mabuti hayapo nyumbani, yapo kazini. Na kweli wakati huo yalikuwa kwenye mashine. Yule bwana alisikitika, nikamwonea huruma, nikamtoa nje nikamwonyesha kibao. Nikamweleza kwamba angeyagandisha ukutani, mkahawa wake wote ungesomeka hivyo. Akakitazama kibao, akajitazama soksi. Kumbe naye alikuwa hajaliwazia hilo. Aliondoka ameagiza mabango ya kuta zote za mkahawa, na sasa kila mtu amepata alichotaka bila kabati kusogea.

Maana kabati, Shangazi, bado lipo pale. Bwana Skrini ameacha kulilalamikia. Jana nilimkuta anapanga mstari wa Mabuti peke yake, ulimi nje, na Baba anajifanya hamwoni. Mama aliporudi juzi alisimama mlangoni na mzigo wake, akasoma juu, akashusha macho. Akasema, "Nimewaacha wiki chache tu, mmeanza kuandika kinyumenyume." Tukamwambia umechelewa, habari ni ndefu.

Sasa kuhusu ombi lako. Samahani, A yako siwezi kukutumia. Unajua seti ya Babu ilichongwa mbali, kwa watu ambao lugha yao haili A kama yetu. Zipo tano tu, na hakuna bango linalotoka hapa bila kuzimaliza zote. Ile yenye kidonda, uliyoidondosha kizingitini ukaificha ndani ya ndoo ya matambara, Babu akaja kuigundua kwenye bango la mpira, inafanya kazi kila siku kama wenzake. Kila bango lililobandikwa mjini leo lina alama yako mguuni, kama mtu atajua pa kutazama.

Badala yake nimekuwekea kifurushi pamoja na barua hii. Ndani yake kuna kitambaa cha pili tulichochapa, tulikichapa kwa ajili yako tu, na tulikikanyaga sote, Mama naye safari hii. Kitundike ukutani kwako, hata kama hakuna anayehitaji kupiga chapa huko. Ukishakitundika, tazama neno la mwisho, A ya mwisho, mguu wa kulia. Seremala aliambiwa asipunguze kitu, na hakupunguza. Kidonda chako amekichonga vilevile, ila sasa kina ukubwa wa kidole gumba.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, na mume wako mwambie Baba anamdai mchezo wa bao. Mama anakusalimu na anasema usibebe ndoo. Dada na mtoto wake wanakusalimu, mmoja kwa sauti kuliko mwingine. Bwana Skrini anakuamkia, na anaomba umsamehe kwa ile simu. Pindo, ambaye hujawahi kumwona, anasema wewe pia ni wifi yake na mjadala umefungwa. Baba hakusema nikusalimu. Amenipa tu ule mfuko wa shati ulioingia wino wa A yako, ameukata ili niuweke kwenye kifurushi, na amesema utaelewa.

Mungu akulinde, akulainishie goti, na atukutanishe tukiwa bado na nguvu za kukanyaga kitambaa pamoja.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa unanibeba,

Mwenye shajara.

Nimefunga kifurushi saa tatu kasorobo usiku, nikakifungua tena kuhakikisha kile kidonda kipo. Kipo. Sasa ni saa tatu na nusu, nalala.